Chekeche Lisilotiwa Bluu

Kila siku baada ya masomo Landa Vella alipitia maabarani kwa mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Maabara yenyewe ilikuwa darasa la zamani nyuma ya ofisi ya mji wa Campolivo: meza mbili, sinki, tanuri dogo la kukaushia, hadubini moja, na pipa la maji ambayo hakuna aliyeruhusiwa kunawia mikono. Mama yake, Nunzia, alikuwa na kazi moja tu humo. Aliosha tope.

Tope lilitoka kwenye kisima kilichokuwa kikichimbwa nyuma ya kinu cha zeituni. Mabomba ya Campolivo yalitoa maji mara moja kila siku kumi na mbili, na kiangazi kilikuwa bado hakijafika katikati. Kila baada ya mita nne wachimbaji walijaza mfuko mmoja wa tope na kuuandika namba. Nunzia alichukua nusu ya mfuko. Nusu nyingine aliifunga na kuiweka rafuni. Aliloweka tope, akalimimina kwenye chekeche lenye matundu membamba mno, akalipitishia maji kidogo kidogo mpaka uchafu wote ukaenda. Kilichobaki kilifanana na chumvi laini. Ukikitazama kwa hadubini uliona si chumvi. Vilikuwa vigamba vya viumbe wadogo walioelea baharini zamani sana, bahari ilipofunika mashamba haya ya ngano, wakafa na kuzama kwenye tope.

Dokta Sciabica, mtaalamu wa miamba aliyesimamia kisima, alivijua vigamba hivyo kama mwalimu ajuavyo sura za wanafunzi wake. Kila aina iliishi enzi yake kisha ikatoweka, kwa hiyo ukijua ni aina gani zimo kwenye tope, unajua umri wa tope. Mchanga wenye maji, kama ulikuwepo, ulilala juu ya udongo wa kale. Alama ya udongo wa kale ilikuwa kigamba bapa chenye ukingo mkali. Hicho kikianza kuonekana kwenye mifuko, basi mtambo wa kuchimbia umeshaingia udongo wa kale, mchanga haupo mahali hapo, na kuendelea kuchimba ni kazi bure. Vigamba vya enzi ya karibu havikumsumbua Dokta, maana hivyo huporomoka kutoka juu ya shimo kila siku na kuchanganyika na tope la chini.

Sheria ya kazi ilikuwa moja. Chekeche likishatumika lisuguliwe, lizamishwe kwenye beseni la dawa ya bluu, kisha lisuuzwe. Kigamba kilichong'ang'ania kwenye matundu hugeuka bluu. Kikidondokea kwenye sampuli inayofuata, Dokta huiona rangi yake na kukiacha. Ni mgeni huyo, hahesabiwi.

Ubaya wa dawa ile ni kwamba ilishika vidoleni siku nne nzima, na glavu za maabara zilikuwa zimetoboka. Nunzia hakujali. Landa, mwenye miaka kumi na miwili, aliyemsaidia kuosha kila alipopita, alijali sana. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa mji, na yeye ndiye aliyechaguliwa kubeba mshumaa mbele ya maandamano, amevaa gauni jeupe. Mimma, aliyekaa naye dawati moja, hakumwacha apumue wiki nzima.

“Utamshikia mtakatifu mshumaa kwa vidole hivyo?” alimwuliza. “Atadhani umetoka kuiba forosadi.”

Darasa zima lilicheka. Landa aliificha mikono chini ya dawati.

Ijumaa mchana boza la maji liliingia mtaani, na Nunzia akaenda kumsaidia jirani yao Bibi Pina, mwenye miaka themanini na mmoja, kujaza tangi lake. Zilibaki sampuli mbili za kuoshwa. Moja ilikuwa udongo wa kale wenyewe, ambao Dokta aliuchimbua korongoni ili alinganishe. Ya pili ilikuwa namba arobaini na tano, kutoka mita mia na themanini za kisima.

“Anza na ya korongoni, halafu arobaini na tano,” Nunzia alisema akiwa mlangoni. “Na katikati?”

“Bluu,” alijibu Landa.

Aliosha ile ya kwanza vizuri kabisa. Kisha akasimama mbele ya beseni la dawa na kuitazama mikono yake, ambayo kwa mara ya kwanza mwezi ule ilikuwa safi. Akalisugua chekeche mara mbili, akalisuuza, akaliinua dirishani. Mwanga ulipita kila mahali. Halikuwa na kitu. Akamimina namba arobaini na tano.

Jumamosi Nunzia alichelewa chakula cha mchana. Aliweka mkoba chini, akakaa, na hakugusa makaroni yake. Akasimulia kwamba Dokta amekuta vigamba bapa kumi na kimoja kwenye namba arobaini na tano. Amevigeuza kimoja kimoja kwa ncha ya brashi. Vyote vyeupe, hakuna hata kimoja cha bluu, kwa hiyo vimetoka humo humo kisimani. Udongo wa kale umefikiwa. Jumatatu asubuhi wachimbaji wataanza kung'oa mabomba yao, na mtambo utapelekwa kwenye mji unaofuata kwenye orodha.

Uma wa Landa ulisimama katikati ya njia. Alitaka kusema. Akafikiria gauni lililoning'inia nyuma ya mlango, akafikiria Mimma, akajiambia huenda vile kumi na kimoja kweli ni vya kisima. Akala bila kuonja.

Jumapili alibeba mshumaa. Maandamano yalipofika mtaani kwao, Bibi Pina alikuwa ameketi mlangoni pake, ndoo zake tisa zimepangwa ukutani. Alikuwa akiwaeleza majirani kwamba mwanawe wa Torino atakuja kumchukua mwisho wa mwezi. Nyumba ile alizaliwa ndani yake, lakini mwanamke wa miaka themanini na mmoja hawezi kuishi kwa kukimbizana na boza. Alipomwona Landa alimsifu kwa sauti mbele ya watu wote, akasema binti amependeza, na mikono yake inang'aa.

Landa alitembea hatua kumi zaidi. Kisha akatoka kwenye mstari, nta ikimdondokea kwenye mkono wa gauni, akamtafuta mama yake katikati ya umati.

“Mama, Ijumaa sikutia bluu.”

“Chekeche gani?”

“La udongo wa korongoni. Kabla ya arobaini na tano.”

“Kwa nini?”

Landa alimwonyesha mikono.

“Twende,” alisema Nunzia. “Mshumaa mpe Mimma.”

Walimtoa Dokta Sciabica mezani, kitambaa cha kulia bado kiko shingoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kufoka atafoka baadaye, sasa apewe ile nusu ya mfuko iliyobaki. Nunzia aliitoa rafuni. Hakuiosha yeye. Alimkunja Landa mikono ya gauni, akamwonyesha beseni kwa kidevu. Landa alisugua chekeche, akalizamisha kwenye dawa na mikono yake pamoja nalo, akalisuuza, akaosha tope upya huku bendi ikipiga barabarani na watu wakishangilia.

Tanuri lilichukua saa moja na nusu. Dokta alimwaga chembe kwenye sahani ndogo, akainamia hadubini na kuanza kuvisogeza vigamba kwa brashi, safu baada ya safu. Landa alihesabu vigae vya sakafu, akavimaliza, akaanza tena.

“Kuna bapa hapa,” Dokta alisema. “Kimoja.”

Nunzia alimshika Landa begani.

Dokta akasogeza taa karibu, akatazama tena, na mabega yake yakashuka. “Ni cha bluu,” alisema. “Cha bluu kama anga. Njooni mwone wenyewe. Vingine vyote humu ni vya enzi ya karibu.”

Hapo hapo alimpigia simu kiongozi wa wachimbaji, akamwambia asing'oe hata bomba moja. Jumatatu mtambo uliendelea kunguruma nyuma ya kinu. Jumatano, kwenye mita mia na tisini na sita, ulianza kutoa mchanga. Alhamisi adhuhuri maji yakapanda, kwanza ya kahawia, kisha ya kijivu, kisha yakawa maji tu. Bibi Pina alikuja na ndoo zake zote tisa akawapigia watu kelele wapange foleni, na mwanawe wa Torino akaambiwa kwa simu aje kwa likizo kama kawaida, si kuhamisha mtu.

Jioni hiyo Nunzia alifungua daftari la maabara mezani na kumwita binti yake. Landa aliomba, kwa sauti ndogo, kama ingewezekana jambo lile lisiandikwe, kwa kuwa mambo yamekwisha vizuri.

“Yamekwisha vizuri kwa sababu ulisema,” Nunzia alimjibu. “Kukosea nimekosea hata mimi, tena mara nyingi kuliko wewe. Kwa nini unadhani tunaweka nusu ya mfuko rafuni? Kwa nini tuna dawa? Kazi hii imepangwa ifanywe na watu wanaokosea, na kosa likionekana tunalirekebisha. Kosa ulilolifunika hatuna dawa yake, mwanangu. Hili lako lilibakiza kidogo tu litukoseshe maji, na hakuna ambaye angejua sababu. Kwa hiyo ukifanya kazi, andika ulichofanya, na andika ambacho hukufanya. Shika kalamu.”

Landa akaandika: Namba 45 imeoshwa mara mbili. Mara ya kwanza chekeche halikutiwa bluu. Aliyeosha ni Landa Vella. Akasoma alichoandika, akaona si kirefu wala hakitishi kama alivyodhani. Akalipuliza daftari wino ukauke, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akahisi njaa.