Kiti Alichokiua Naibu Mkuu

Hadithi hii naijua kuwashinda wote waliokuwepo. Mimi mwenyewe sikuwepo, nilikuwa nyumbani nakanda goti, lakini goti bovu halizibi masikio.

Ilianza na kiti. Miaka miwili iliyopita, kwenye harusi moja Machakos mjini, uwanja wa kanisa umejaa watu hadi wengine wamekanyaga maua ya padre, Kavutha alikalia kiti cha plastiki na kiti kikafunguka miguu minne, kila mguu na njia yake. Kavutha si mwanamke wa kuanguka. Ni naibu mkuu wa chuo cha ufundi pale mjini, miaka arobaini na moja, hana mume, na siku hiyo alivaa gauni la kijani la kubana ambalo fundi hakulishona kwa ajili ya kuanguka.

Mwanamume mrefu akaja mbio kati ya meza.

"Pole, mwalimu. Kiti kimekufa chenyewe ama umekiua?"

"Kwani wewe ni polisi?"

"Mimi ndiye mwenye kiti. Njogu, wa Matuu. Nakodisha viti, mahema na vipaza sauti. Haya, nipe mkono, na usinikalie mimi."

Kavutha akacheka akiwa bado kwenye nyasi, na mwanamke akishacheka akiwa chini, ujue ameshaanguka mara mbili.

Simu zikaanza. Asubuhi, "Umeamkaje, malkia wa viti?" Jioni, "Leo nimefunga hema Ekalakala, upepo ulitaka kunipeperusha mbali, ningekuachia nani?" Kavutha alikuwa akifunga mlango wa ofisi ili makarani wasimwone akitabasamu na simu. Wakakubaliana kwamba mwezi wa Desemba Njogu angekuja na wazee wake kujitambulisha nyumbani. Mama yake Kavutha, mzee Katunge, hakuambiwa lolote. Kavutha alitaka kumwambia mambo yakishaiva, maana Katunge akisikia jambo Jumatatu, kufikia Jumatano limeshafika sokoni.

Kisha ikaja siku ya mahafali mwaka jana. Naibu mkuu ndiye hutoa ushauri kwa wahitimu, na Kavutha anapenda watu wacheke. Akasema, "Sitaki kusikia mtu wa chuo hiki anazunguka vijijini na viti vya kukodisha, leo harusi kesho matanga. Nyinyi ni wasomi. Tafuteni ofisi." Watu wakacheka sana. Yeye mwenyewe alicheka mpaka alipotupa macho nyuma na kumwona Njogu ameshika nguzo ya hema kwa mikono miwili.

Jioni ile alimpigia.

"Njogu, mpenzi, ulikuwa mzaha tu."

"Najua, mwalimu. Hata mimi ningecheka, lakini ningeachilia nguzo hema liwaangukie."

"Na Desemba?"

"Desemba itangoja. Wacha kwanza nitafute ofisi."

Akakata. Desemba ikaja ikapita. Tangu hapo Kavutha akipiga, simu inalia hadi inachoka.

Mwaka huu chuo kikaagiza mahema tena, na lori la Njogu likaingia langoni. Kavutha alijua hiyo ndiyo nafasi. Mahema yakifunguliwa jioni, hana tena sababu ya kumwona, na huko Matuu, yasemekana, wanawake wenye macho wapo. Alivaa joho jekundu, viatu vya kisigino, na rangi ya mdomo iliyoiva kama embe la Yatta. Alipompita Njogu kwenye ngazi za jukwaa akasema, "Umependeza." Njogu alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye kola.

"Nimekuja kazini tu, mwalimu," akajibu, akiangalia kamba.

Mkuu wa chuo, Bwana Bartholomew, alianza kwa kuwapongeza wahitimu kwa hotuba yake ileile, ambayo wapishi wameishika kwa moyo. Halafu akamwita naibu wake. Kavutha alikuwa na kurasa nne. Akazikunja.

"Hongereni," akasema. "Fundi wa umeme uliyesomea chini ya taa ya barabarani, hongera. Mwashi uliyejenga choo cha shule yenu ya msingi, hongera. Winrose, uliyekuja hapa na mtoto mgongoni na leo umevaa joho ulilolishona mwenyewe, simama watu wakuone."

Winrose akasimama. Vigelegele vikapigwa mpaka mbuzi wa jirani wakajibu. Kavutha aliwaangalia vijana wale mia mbili, wamevaa mashada ya karatasi za kung'aa shingoni, na kifua chake kikajaa.

"Sasa ushauri. Mwaka jana niliwapa wenzenu ushauri mbaya."

Bwana Bartholomew akavua miwani.

"Inueni macho. Nani anachomwa na jua? Hakuna. Aliyefunga hilo hema alifika kabla jogoo hajawika. Kazi yake niliicheka hapahapa, mbele ya watu. Basi ushauri wangu ni mmoja. Ukimkosea mtu kwa kipaza sauti, usiende kumwomba msamaha kwa kunong'ona. Bwana Njogu, nilikosa. Nisamehe."

Kisha mama mmoja nyuma akapiga kigelegele kirefu, na wahitimu wote wakageuka kumtafuta Njogu, ambaye alikuwa ameachilia nguzo.

Watu walipokwenda kwenye pilau, Kavutha alizunguka nyuma ya lori. Njogu akamwekea kiti. Miguu ya kiti hicho ilikuwa imeshonwa kwa waya.

"Si hiki ndicho nilichokiua?"

"Ndicho."

"Na ulisema umekuja kazini tu."

"Lori lilikuwa na nafasi."

"Na hiyo pasi?"

"Kaa, mwanamke, unauliza kama chifu." Akachuchumaa mbele yake. "Wazee wangu wanauliza kama Desemba bado iko."

"Iko," Kavutha akasema. "Lakini waje na kiti chao."

Yaliyofuata hapo siyaandiki, watoto wanasoma. Yalikatizwa na simu. Kavutha akaangalia jina, akaona ni mama yake, akajipangusa macho, akasafisha koo.

"Kavutha, uko wapi? Nimekutafuta nikupe hongera kwa hotuba."

"Niko ofisini, mwaitu. Niko na mkuu, tunatia vyeti sahihi."

"Mko wawili tu?"

"Wawili tu. Amekaa hapa mbele yangu."

"Basi msalimie."

"Anakusalimia pia, mama."

"Bado sijamsalimia," ikasema sauti ya Bwana Bartholomew, na haikutoka kwenye simu.

Alikuwa amesimama penye tairi la nyuma la lori, amebeba mkoba wa mzee Katunge. Katunge mwenyewe alikuwa na sahani ya pilau mkono mmoja na simu bado sikioni. Alimtazama Njogu kuanzia viatu, taratibu, hadi usoni, kisha akaendelea kusema ndani ya simu.

"Sawa, mwanangu, fanyeni kazi. Ila huyo mkuu wako wa ofisini mwambie ajipanguse, rangi ya mdomo wako imemfika sikioni."