Mstari Ulioandikiwa Printa

Kila Jumamosi asubuhi Ladu hutoka kwao Ombaci kwa miguu, kwenda klabu ya kompyuta shuleni mjini Arua. Muhula mmoja walikuwa wakitafsiri kijitabu cha kutibu kuhara, kwa ajili ya zahanati moja ya Lurujo, wilayani Koboko. Programu iliweka Kiingereza kushoto, nao wakajaza Kiswahili kulia.

Ladu, mwenye miaka kumi na mitatu, alitaka kuwatangulia wenzake. Juu ya ukurasa wa nne alikuta mstari wa rangi ya kijivu ulioiagiza printa iulaze ukurasa huo ubavu, kwa kuwa ulikuwa na jedwali pana. Zam, aliyekaa karibu naye, alimkumbusha kwamba Madamu Margarita, mwalimu wa klabu, amekataza kugusa mistari ya kijivu. Ladu alicheka, akautafsiri nao.

Printa haijui Kiswahili. Iliuchapa mstari ule kama maneno mengine yoyote, na ukurasa ukatoka umesimama. Nakala arobaini zilikuwa zimeshabanwa pini Madamu alipofungua moja na kusoma kwa sauti: "Ukurasa huu ulale ubavu."

Klabu nzima iliangua kicheko. Kisha Madamu akaona kwamba safu ya mwisho ya jedwali, yenye kiasi cha dawa cha watoto wachanga, imekatwa yote. Akamuuliza Zam, msimamizi wa printa, aliwekaje karatasi.

Zam alisema aliiweka kama kawaida, hakumtaja mtu. Nje dereva aliyekuja kuchukua vijitabu vya Koboko aliita kwamba gari liko tayari. Ladu akasimama.

"Madamu, Zam hana kosa," akasema. "Mimi ndiye niliyetafsiri mstari wa kijivu. Yeye alinikataza."

Madamu alimwomba dereva asubiri. Ladu akaurudisha mstari kama ulivyokuwa na kuchapa upya ukurasa wa nne, huku Zam aking'oa pini na kumtania kwamba bahati yao hakuiagiza printa ilale usingizi.

Jumamosi iliyofuata Madamu aliwaambia kwamba muuguzi wa Lurujo, Sista Kaltumu, amepiga simu kushukuru, hasa kwa lile jedwali.

"Kosa la Ladu lilitugharimu nusu saa," akasema. "Angenyamaza, lingefika kwa mama mwenye mtoto mgonjwa, na huko nani angelirudisha? Fanyeni kazi kwa makini. Na ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado mikononi mwako."