Mafuta ya Harusi ya Ruti

Mwaka ule alizeti zilikubali sana Igamba. Nyumbani kwa Osea na Priska furaha ilikuwa mara mbili, maana binti yao Ruti alikuwa anaolewa Jumamosi. Wakwe walikuwa wanatoka Kamsamba.

"Wakwe watakula mafuta ya shamba letu," Priska alisema. Basi wakaazima mashine ya mkono ya kukamulia, mali ya kikundi cha akina mama.

Osea ni mtu mwema, ila hawezi kusikia chuma kinalia akakaa kimya. Mashine ilipoanza kukwaruza, aliipaka oili chafu ya lori, aliyopewa bure gereji huko Tunduma. Mashine ikatulia, dumu likajaa mafuta, naye akajipongeza.

Alhamisi asubuhi Priska alikaanga kitunguu. Jiko zima likanuka lori.

"Baba Ruti, umeweka nini kwenye mafuta yangu?"

"Sijaweka kitu. Nimepaka oili kidogo tu kwenye chuma."

Priska alikaa chini akalia. Dumu zima limeharibika, na wageni wako njiani. Angewapa nini wakwe?

Jirani yao Loisi, mwenyekiti wa kikundi, alikuja akanusa dumu.

"Haya yasiliwe," alisema. "Hata nguruwe wasipewe."

"Nikiyachemsha sana je?" Priska aliuliza.

"Sumu ya oili haitoki kwa moto, dada. Mafuta ya kula tunayapata kwenye mbegu, kama alizeti na karanga, au kwa mnyama. Oili, dizeli na mafuta ya taa asili yake ni chini ya ardhi. Hayo ni ya injini na taa. Tumbo si injini, shemeji."

Osea alikuna kichwa. "Sasa mashine ikilia niipake nini?"

"Ipake mafuta ya alizeti."

"Kumbe dawa nilikuwa nayo mkononi," Osea alisema, na wote watatu wakacheka. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

Waliifungua mashine, wakaiosha kwa maji ya moto na sabuni, wakaisuuza na kuikausha. Alizeti nyingine walizianika juani, kwa sababu mbegu yenye joto hukamulika vizuri. Mafuta ya kwanza kutoka waliyamwaga shimoni pamoja na yale mabaya. Yaliyofuata waliyachuja kwa kitambaa safi, wakayaacha yatulie, wakayatia kwenye dumu jipya. Osea alikamua mpaka viganja vikatoka malengelenge, na hakuna aliyemwonea huruma.

Jumamosi wali ulinukia hadi barabarani. Mama mkwe wa Ruti, Elizabeti, alikula, akaongezewa, akala tena.

"Mafuta haya mmenunua Tunduma?" aliuliza.

"Hapana, mkwe," Osea alijibu haraka kuliko mkewe. "Tumeyakamua hapa hapa."

Elizabeti alimgeukia Ruti. "Mwanangu, usije kwangu na vyombo tu. Njoo na mbegu, uje utufundishe kukamua."

Priska alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.