Aliyejibu Kutoka Kiti Kitupu

Kitasa cha mlango wa mbele kilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana jua halifiki upande ule wa nyumba; lilikuwa joto la kiganja, la mtu aliyekishika kwa muda mrefu na kukiachia punde tu. Mwalimu akasimama na funguo mkononi. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu asubuhi, na mke wake, mshonaji, alikuwa bado dukani kwake na cherehani.

Akafungua, akaingia, akaubamiza mlango. Siku hizo kila kitu kilimghadhibisha, na joto la kitasa likawa moja tu katika mengi.

Alikuwa na haki ya hasira, au alijiona anayo. Miaka saba alifundisha watu kurusha ndege ndogo ya viti viwili, mwanafunzi kushoto, yeye kulia. Aliwapokea hawajui mkia wala bawa, akawatoa marubani. Wakapanda, wakampita, wakampungia mkono. Yeye akabaki na ndege ileile inayonuka petroli na jasho la woga wa watu wengine. Kampuni ya ndege za mizigo ilipomwita hatimaye, mwenye chuo alimdhihaki mbele ya darasa zima.

"Unakwenda kubeba maboksi, Mwalimu? Boksi halitakuamkia."

"Wala halitanitapikia mapajani."

Wanafunzi wakacheka. Mwenye chuo hakucheka. "Nenda. Utarudi hapa na mkia katikati ya miguu. Wewe huna ndege; una mdomo."

Maneno hayo yalikuwa bado yanawaka kifuani mwake siku iliyofuata, alipoirusha ndege ya chuo kwa mara ya mwisho, peke yake, kuirudisha kutoka kwa mafundi.

Chuoni palikuwa na sheria isiyovunjwa. Anayekabidhi usukani husema, "Shika." Anayepokea hujibu, "Nimeshika." Aliyekabidhi humalizia, "Umeshika," ndipo huondoa mikono. Ndege ni lazima iwe na mwenyewe, na mwenyewe awe mmoja. Na ikitokea mwanafunzi ameingiwa na hofu, ameganda na usukani, mwalimu hashindani naye kwa misuli, kwa kuwa mwoga ana nguvu za watu watatu. Humziba macho kwa kiganja. Asiyeona huachia kila kitu ili ayaokoe macho yake. Mwalimu alikuwa ameziba macho ya wengi, na kila mara alimaliza kwa matusi.

Adhuhuri ile, juu ya mawingu, hasira ilimpanda hata akauachia usukani ghafla.

"Shika basi wewe!" akakifokea kiti kitupu cha kushoto. "Miaka saba nashika mimi! Shika!"

"Nimeshika."

Sauti ilitoka ndani ya visikilizi, karibu kabisa na sikio, tulivu, kama ya mwanafunzi mtiifu. Akadhani ni redio. Lakini ulimi uliozoea ukaitangulia akili: "Umeshika."

Ndege ikanyooka kama uzi uliovutwa. Haikuwahi kuruka vile tangu aijue. Na alipoupokea usukani ili atue, alipokea bila kusema neno lolote, kwani hakumwona wa kumwambia. Nao ulikuwa na joto.

Siku hiyohiyo ndipo alipokikuta kitasa. Baada ya kitasa likafuata bomba la jikoni, likagoma kufunguka kama lililoshikwa upande wa pili. Ukafuata mswaki, kisha kijiko. Mke wake akaanza kulalamika kwamba mkasi wake wa kukatia nguo una joto kila anapouokota, na kwamba chumbani kunanuka petroli. Mwalimu alimjibu kwa mkato. Alikuwa akijiandaa kwa safari yake ya majaribio kwenye kampuni mpya. Akifaulu kazi ni yake, akishindwa atarudi kwa mwenye chuo kuomba radhi. Mengine yote aliyaona ni nzi wa kufukuzwa.

Jioni moja alipotoka bafuni alimkuta mke wake ameketi kitandani, amepandisha mkono wa gauni. Juu ya kiwiko vilikuwa vimechorwa vidole vitano vyekundu.

"Kama umeshindwa na watu wa kazini," mke akasema kwa sauti ya chini, "usije kushindana na mimi."

"Nilikuwa naoga!"

"Nyumba hii ina mwanamume mmoja."

"Basi mtafute wa pili!"

"Usinifokee. Mimi si mwanafunzi wako." Akaivua futi iliyokuwa shingoni mwake tangu dukani. "Lete mkono."

Akaipima alama, akavipima vidole vya mumewe, akaipima alama tena. Hasira ikamtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi ya hasira.

"Si wako," akanong'ona.

"Si nilikwambia?"

"Nyamaza, mume wangu. Kila kidole kinazidi chako kwa pingili nzima."

Asubuhi yake mshonaji akamleta mganga, mama mfupi, mnene, aliyefika akihema.

"Mnaniita mkishaharibu," akasema hata kabla hajaketi. "Ulimpa nini?"

"Sijampa mtu kitu."

"Jini haibi, mwanangu. Jini hupewa. Nimepanda ngazi zenu zote na magoti haya, kwa hiyo usinidanganye. Ulimpa nini?"

Akamweleza. Mganga akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa sufuria iliyoungua.

"Ulimpa kushika. Basi anashika. Leo mkasi, kesho mkono wa mkeo, keshokutwa shingo."

"Mfukuze!"

"Nimfukuze mimi, aliyekaribishwa na wewe? Kadai ulipotoa, huko angani, kwenye usukani. Usivutane naye, ukivuta, atavuta. Mfanye aachie mwenyewe, ndipo useme maneno yenu, naye ayamalizie kwa kinywa chake. Kwa kinywa chake, umenisikia? Asipomalizia, hujarudishiwa kitu."

Mwalimu akameza kiburi, akampigia simu mwenye chuo kuomba ile ndege kwa mchana mmoja tu.

"Kaombe kwenye maboksi," mwenye chuo akasema, akakata.

Ikabaki ndege moja tu ya kumdaia jini: ile ya majaribio.

"Usiende," mke wake akamsihi mlangoni. "Kapteni atakayekupima naye ana watu wanaomngoja nyumbani."

"Nisipokwenda, nani atamtoa humu ndani? Au unataka akushike tena?"

Mke akampisha, macho yamemjaa machozi na ghadhabu.

Kapteni alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno. Nyuma yao, chini ya nyavu, yalipangwa makasha ya vifaranga wa siku moja, maelfu, na mlio wao ulijaza ndege kama mvua juu ya bati.

"Hao ndio abiria wako," Kapteni akasema. "Hawalalamiki chakula kikipoa."

Waliruka bila tatizo. Walipoyapita mawingu Kapteni akasema, "Shika."

"Nimeshika," Mwalimu akajibu.

"Nimeshika," ikajibu sauti ya pili, tulivu, tiifu.

Kapteni akageuka. "Mbona umejibu mara mbili?"

Vifaranga wakanyamaza, wote, kwa mpigo mmoja. Harufu ya petroli ikapanda, na Mwalimu akaviona vidole virefu vikipita juu ya vidole vyake taratibu, kama mtu anayevaa glavu, akahisi kidevu kikitua juu ya bega lake la kulia na pumzi yenye joto ikimwingia sikioni, na pua ya ndege ikaanza kuinama, kwanza kidogo, kisha zaidi, hata mawingu waliyoyaacha chini yakawa mbele yao, yanapanuka, yanawajia, huku kengele zikilia na mkono wa Kapteni ukiurukia usukani wake.

"Inua! Unafanya nini, mpumbavu wewe? Inua!"

"Si mimi! Achia, Kapteni, usivutane naye!"

"Naye nani?"

Katika kuanguka kule lilimjia Mwalimu jambo moja tu, jambo alilolifanya miaka saba kwa chuki na kuliona ni kazi ya kuchunga waoga, na sasa likawa ndilo pekee alilokuwa nalo duniani: akauondoa mkono wake wa kulia, akaupeleka nyuma juu ya bega lake, akapapasa hewa, akakuta uso, uso wenye unyevu, usio na nyusi, akayafunika macho yake kwa kiganja, na kope zikahangaika ndani ya kiganja kile kama wadudu walionaswa.

Vidole virefu vikauachia usukani, vikamdaka kifundo cha mkono.

"Nimeshika!" Mwalimu akalia.

"Umeshika," akasikia.

Ndege ikainuka. Mawingu yakarudi chini mahali pake. Mwalimu akacheka, akairusha mpaka mwisho wa safari na kuitua kwa upole ambao hata yeye hakujua anao. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliitafuta hasira kifuani, asiione.

Injini zilipozimwa Kapteni akavua visikilizi, akamgeukia.

"Sijui ni kitu gani kile, na mafundi watanieleza. Ninachojua ni kwamba umeniambia niachie, nikaachia, ukasema umeshika, nami nikakujibu. Ukaitoa. Kazi ni yako."

Akamnyooshea mkono.

Nyuma, mpakuzi alikuwa amefungua mlango wa mizigo. "Kapteni! Hawa vifaranga wazima, macho wazi, mbona hakuna hata mmoja anayelia?"

*Nami nikakujibu.* Mwalimu akayasikia maneno hayo kwa kuchelewa. Akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umekwisha kunyanyuka, wala si yeye aliyeunyanyua. Ukakipokea kiganja cha Kapteni, ukakibana, na hasira zote za ile miaka saba, zile alizozitafuta kifuani akazikosa, zilikuwa mle vidoleni.

"Haya, inatosha," Kapteni akasema akitabasamu. Kisha tabasamu likakatika. "Unaniumiza. Achia."

Kitu kikalia ndani ya kiganja chake, kikavu, kama kijiti kinachovunjika.

"Nimesema achia!"

"Nimeshika," ikajibu sauti nyuma ya bega.