Gunzi na Gurudumu la Nyuma

Kila asubuhi Chiriku alikunja godoro lake, akalisukuma nyuma ya kiti cha dereva, akashuka kwenda kuchota maji. Nyumba yao ilikuwa lori kuukuu lililobeba mashine ya kupukuchua mahindi. Baba aliendesha lori, Mama alisimamia mashine, na Mjomba, mdogo wake Mama, alikuwa utingo. Mahindi yakiisha kijiji hiki, walihamia kingine. Chiriku, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyepewa jina hilo kwa kuropoka bila kituo, alikuwa amebadilisha shule hadi walimu wamechoka kumwandikisha.

Mashine ile ikinguruma, husikii hata unachosema mwenyewe. Kwa hiyo walisemezana kwa kugonga bodi la lori. Mjomba akigonga mara moja, Baba anasimama. Akigonga mara mbili, Baba anarudi nyuma. Chiriku aliyajua hayo kabla hajajua kusoma.

Siku moja alimkuta mbwa mdogo amelala kwenye lundo la magunzi, mbavu nje, hana mwenyewe. Akamwita Gunzi papo hapo, akambeba hadi kwa Baba.

"Baba, tumchukue!"

"Tumpeleke wapi? Mbwa anataka ua, anataka mlango wa kulinda. Mlango wetu sisi una magurudumu."

"Nitamtunza mimi. Haki ya Mungu!"

"Wewe?" Mjomba akadakia. "Wewe uliyesahau kandambili zako vijiji viwili nyuma?"

Mama alicheka. Baba hakucheka. Alimtazama mbwa, akamtazama binti yake, akapumua kwa nguvu. "Atakaa mpaka tumalize kazi hapa. Lori likiwashwa, afungwe kamba. Asipoleta matatizo, tutaondoka naye. Akileta, anabaki. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Baba."

Wakawa chanda na pete, Chiriku na Gunzi. Kamba? Alimfunga siku za mwanzo. Lakini mbwa alilia, na Chiriku hakuwa na moyo wa kusikia kilio kile, basi akawa anaifungua. Tena akamfundisha kuja kula. Mchana, injini ikiwa imezimwa na wakubwa wamejinyoosha kwenye hema walilosimika kando ya lori, aliweka sahani kwenye kivuli cha gurudumu la nyuma, kisha akagonga bodi kwa kiganja, mara mbili. Gunzi alikuja mbio, mkia juu. Mtoto wa mjini angempigia mluzi mbwa wake. Huyu aliyelelewa kwenye lori aligonga bodi, wala hakufikiria mara mbili.

Halafu ikafika asubuhi ya kusogea kwenye lundo jingine. Baba aliwasha injini. Mjomba alikagua nyuma, kushoto na kulia, hakuona kitu. Akagonga mara mbili. Gunzi, aliyekuwa amelala nyuma ya hema bila kamba, alichomoka kama risasi, akaenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma kutafuta chakula chake.

"Lo! Simama!" Mjomba alipiga kelele, akagonga bodi kwa ngumi. Lori lilisimama, lakini mguu wa mbwa ulikuwa tayari chini ya tairi. Mlio alioutoa Gunzi sitaki hata kuusimulia.

Baba aliruka chini. "Shemeji! Macho umeyaacha wapi?"

"Nilitazama, shemeji. Hakukuwa na kitu. Nilipogonga ndipo akatokea."

"Angekuwa mtoto je?"

"Nimekwambia nilitazama!"

"Hukutazama! Leo mbwa, kesho binti yangu. Tukimaliza hapa, natafuta utingo mwingine." Kisha Baba akachuchumaa, akamgusa Gunzi kichwani, na sauti yake ikashuka. "Huyu hana kosa. Kosa ni letu. Akipona, tutaondoka naye."

Chiriku alisikia yote mawili. Alijua vizuri kwa nini mbwa alikimbilia pale. Akisema, Gunzi anabaki. Akinyamaza, Gunzi ni wake, na Mjomba anafukuzwa kazi. Na yeye, domo la familia, akanyamaza kimya.

Walimpeleka Gunzi kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mnene mwenye buti za mvua, aliyefuga mbuzi katika ua mpana. Aliufunga mguu kwa vijiti na bendeji. "Atapona, ila atachechemea maisha yake yote," alisema.

Waliporudi, Mjomba alianza kukunja nguo zake, shati moja baada ya jingine, kwenye mfuko wa nailoni. Hakumtania mtu. Mama alipika huku macho yake yakiwa mekundu. Chiriku alijitia hamnazo, akamnywesha Gunzi maziwa.

Siku iliyofuata walisogeza lori tena. Mjomba alikagua mpaka uvunguni, akagonga mara mbili. Pale hemani, Gunzi akainua masikio. Akaanza kujiburuta kwenye vumbi na mguu wake uliofungwa, akielekea kwenye gurudumu, na mkia ukitikisika kwa furaha! Chiriku alimrukia, akamkumbatia, akalia kwa sauti.

"Ni mimi! Mjomba hana kosa! Ni mimi niliyemfundisha!"

Baba alizima injini. Chiriku alieleza yote, kamba, sahani na kugonga. Alipomaliza, Baba alimwendea Mjomba, akavua kofia. "Shemeji, nimekukosea. Nisamehe."

"Yamekwisha, shemeji," Mjomba alisema. Kisha akamgeukia Chiriku. "Umeniona nakunja nguo zangu, ukaendelea kunywesha mbwa maziwa?"

Chiriku alificha uso kwenye manyoya ya Gunzi. Mjomba alitoa nguo zake mfukoni bila kumtazama tena.

Jioni hiyohiyo walimrudisha Gunzi kwa daktari wa mifugo, maana kila bodi likigongwa angekimbilia gurudumu.

"Hawezi kufundishwa upya?" Chiriku aliuliza.

"Anaweza," daktari alisema, "lakini wakati anajifunza atakosea, na ninyi lori lenu halisamehi. Mwacheni hapa. Mimi sina lori, nina baiskeli tu."

Chiriku alimweka Gunzi chini, karibu na zizi la mbuzi. Mbwa alilamba mkono wake, hajui lolote. Daktari akafunga geti la ua.

Ndani ya lori Mama alimpakata, ingawa alikuwa mkubwa wa kupakatwa.

"Mama, nimesema kweli," Chiriku alilia. "Mbona bado nimempoteza?"

"Kwani nani alikwambia ukisema kweli utapewa zawadi?" Mama alisema. "Ulimpenda, sawa, lakini ulimpenda kwa kujifurahisha. Kamba ilikuumiza wewe moyo, ukaifungua, yeye akavunjika mguu. Ukanyamaza ili usimkose, mjomba wako akala lawama. Leo umesema, na kwa sababu hiyo mbwa ataishi na mjomba wako ana kazi. Faida ni yao, mwanangu. Yako wewe ni kulia."

Chiriku alilia njia nzima, na Mama hakumwambia anyamaze.