Baiskeli ya Stanislausi

Maneno yalianzia kwenye vichanja vya dagaa pale Bukima: eti mtoto wa Dorkas anapigaga mbizi kunasua nyavu za wavuvi. Dorkas aliyacheka, lakini yalimganda kama magamba ya samaki. Binti yake Ghati, mwenye miaka kumi na mitatu, aliaga kila Jumamosi kwamba anakwenda mazoezini. Alijiandaa kwa mashindano ya Musoma ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia.

Majini hakuna aliyemfikia. Shida ilikuwa baiskeli, lile dude zito la baba yake la kubebea mihogo.

"Ghati, umesahau magunia!" wenzake walimtania wakimpita.

Jumamosi moja Dorkas aliacha dagaa juani akateremka ziwani. Karibu na miamba palikuwa na mtumbwi. Ndani yake alikaa mvuvi Stanislausi, kamba mkononi.

"Stanislausi, mwanangu yuko wapi?"

"Yuko chini, mama. Anakuja sasa hivi."

"Chini wapi?"

"Wavu umenasa kwenye jiwe. Kamba hii nimemfunga kiunoni. Usiogope, huyo ni samaki! Nimemwahidi baiskeli yangu ya mbio."

Kamba ilitikisika, kisha ikatulia. Stanislausi akaivuta, ikagoma. Kicheko kikamfutika usoni.

Dorkas alipiga yowe. Akaingia majini na nguo zake hadi kifuani, naye kuogelea hajui. Mvuvi Yusto, aliyekuwa ufukweni akishona nyavu, akajitosa na kisu. Alipoibuka alikuwa amembeba Ghati, vipande vya wavu vimemng'ang'ania mguuni.

Walimlaza ubavu. Akatapika maji, akakohoa, akalia.

"Usinigombeze, mama. Huu ulikuwa wavu wa mwisho. Ningeipata ile baiskeli leo."

Dorkas alimwinua. Alimbeba hadi zahanati.

Mwenyekiti wa kijiji alimwita Stanislausi akajieleza mbele ya wazazi, na watoto wakakatazwa kazi ile. Mwalimu Edwin wa shuleni kwao naye alifungua keria na madigadi ya lile dude, akapandisha kiti. Ghati alishindana nalo Musoma. Alipovuka mstari, Dorkas hakuuliza amekuwa wa ngapi.

Shuleni waliporudi, mwalimu alimwomba mama huyo aseme na wanafunzi.

"Wanangu, sina hotuba," alisema. "Shikeni haya tu:

Msipige mbizi kunasua nyavu, hata mkiahidiwa nini.

Msimfiche mzazi mnakokwenda.

Msiipokee kazi ya hatari kwa sababu mmesifiwa.

Msifungwe kamba kiunoni, mwisho wake akaushika mtu mwingine."