Shati Kwenye Jicho la Upepo

Duka la vioo lilifurika watu Jumamosi ile. Dada mmoja alisimama kwenye foleni na gauni lake la njano, mkononi kipande cha uzi chenye mafundo mawili.

"Dada, hicho ndicho kipimo?" fundi alimuuliza akicheka.

"Sina futi. Dirisha langu limepasuka, uzi umetosha."

"Uzi unavutika, dada yangu. Nitakuja kupima mwenyewe."

Akaja kweli. Alipokuwa akibandika kioo, dada wa watu uzalendo ukamshinda. Kazi yake ilikuwa kusahihisha kamusi kutwa nzima, na jioni hana wa kumsimulia.

"Fundi, unajua neno 'window' limetoka wapi? Watu wa kaskazini ya mbali, zamani, waliliita jicho la upepo. Lilikuwa tundu tu, halina kioo."

"Basi zamani ningekufa njaa, Bi Kamusi!"

Jina likaganda hapo hapo. Kila jioni simu ikawa inalia, fundi ndiye mpigaji.

"Mpenzi, jicho la upepo linasemaje?"

"Linakutafuta."

Miezi miwili ikapita hivyo, kisha simu zikakatika. Akipiga yeye, hazipokelewi. Wiki tatu nzima alipika chakula cha mtu mmoja, akaosha kikombe kimoja. Akifua, alianika dirishani shati la marehemu baba yake, kama alivyozoea, ili wapita njia wadhani mna mwanaume ndani.

Mchana mmoja akaazima simu ya jirani. Ikapokelewa.

"Fundi, nimekukosea nini?"

"Nilikuwa naweka vioo ghorofa la ng'ambo. Nimeliona shati dirishani kwako. Mwenye nyumba yupo, mimi nani?"

Alicheka huku machozi yakimtiririka. "La marehemu baba hilo! Naanika wezi waogope. Wezi hawakuogopa, umeogopa wewe!"

Simu ikakatika. Akajua ndiyo basi tena. Akaketi akilitazama dirisha, hana hata nguvu ya kulia.

Haikupita saa, mlango ukagongwa. Fundi huyo, amebaki na fulana, shati lake mkononi.

"Lifue, ulianike hili," alisema, macho chini. "Hili lina mwenyewe, na mwenyewe anaomba akuoe."

"Linanuka jasho," alijibu, akilikumbatia.

Kisha akaenda dirishani, akaliondoa lile la zamani, akalikunja taratibu.

"Baba," alinong'ona, "umenilinda vya kutosha. Pumzika."